Mama Ana Vitabu

Kaka yangu anaishi Shinyanga mjini, nyumba ya malumalu, geti la kusukuma. Ukiingia sebuleni kwake unakutana na kabati la vioo lililonizidi urefu, limejaa vitabu vya majalada magumu: vyekundu juu, vya kijani katikati, vyeusi chini. Alivinunua pamoja na kabati. Fundi ndiye aliyempa wazo, dalali mmoja akamletea maboksi, wakavipanga kwa rangi. Wageni wakija wanamwambia, mzee, kumbe wewe msomi, naye anakuna kidevu na kuangalia chini kwa unyenyekevu. Siku moja nilitaka kuvuta kimoja nione kinahusu nini, nikakuta kabati limefungwa na hakuna anayejua ufunguo uko wapi. Wifi yangu akasema wanafunga ili vumbi lisiingie. Nilipomwuliza ni nani humo ndani amewahi kusoma hata ukurasa mmoja, alicheka mpaka akashika ukuta.

Sina ugomvi na sebule ya mtu. Mimi nauza vitenge Katoro, nawapelekea wateja majumbani, na shelfu za watu nimeziona za kutosha. Utakuta chupa za chai zilizopangwa kwa ukubwa, glasi ambazo hajawahi kunywea mtu, rimoti ndani ya nailoni, picha ya harusi, na pembeni kitabu cha nyimbo za kanisani na daftari la mtoto la darasa la pili. Hakuna anayewauliza chochote. Kaka yangu amefunga vitabu vyake miaka nenda rudi na anaitwa msomi. Mama yangu alivifunga vya kwake msimu mmoja tu wa mvua, akaitishiwa mkutano. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote katika kijiji chetu, si mbali na Mwakitolyo, tangu enzi kijiji kilipokuwa cha pamba na ng'ombe tu, kabla watu hawajaanza kutoboa ardhi kutafuta dhahabu. Nusu ya wanaume wanaopita pale kwenye pikipiki, yeye ndiye aliyewashika mkono wakachora herufi ya kwanza. Vitabu vyake viliwekwa kwenye sanduku la mbao alilolisimamisha wima na kulitia mlango na kufuli. Vilikuwa vya kila namna: kamusi isiyo na jalada, ambayo mchwa walikuwa wamekula sehemu ya herufi K, atlasi yenye nchi ambazo siku hizi zina majina mengine, kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, cha kushona, cha ukunga, kinene, alichopewa na nesi mmoja aliyekuwa anahama, na hadithi, hadithi nyingi, karatasi zake zimekuwa na rangi ya chai. Vyote vilikuwa vimesomwa. Ungevitambua kwa pembe zake nyeusi za vidole.

Mtoto yeyote aliruhusiwa kuja kusoma barazani, mradi anawe mikono. Na alasiri, kazi zikiisha, mama alimsomea jirani yake. Huyu jirani mimi namwita mama mdogo, ingawa hatuna udugu wa damu. Ni mjane, ameachwa peke yake na ng'ombe wake wachache, mji wake umepakana na wa mama kwa ua wa minyaa. Shule hajawahi kuiona ndani. Lakini umsomee hadithi uruke mstari, atakushika. Atakuambia hebu rudi nyuma, huyo mtu ulimwacha njiani, amefikaje nyumbani? Walikuwa wanacheka wawili hao mpaka unawasikia barabarani.

Mama mdogo ana macho mekundu. Amepikia miti ya pamba tangu akiwa binti, na moshi wa miti ya pamba haumwachi mtu salama. Sehemu nyingine macho mekundu ni jambo la kupelekwa hospitali. Kwetu, mwanamke mzee anayeishi peke yake na ana macho mekundu anaweza kufa kwa panga, na watu wakazika na kurudi mashambani kana kwamba amekufa kwa malaria. Sitii chumvi. Nimekua nikiyasikia, na kila mtu wa kwetu anajua nisemacho.

Sasa kuna neno ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililotaka kutuulia mama. Machimboni kuna waganga wa kila aina. Yuko wa mizizi, yuko wa kioo, yuko wa kuku, na yuko wa kitabu. Huyu wa kitabu unamwendea, anakifungua, anakuambia dhahabu imejificha wapi na ni nani aliyekufungia. Kwa hiyo mchimbaji akisema fulani ana vitabu, hana maana kwamba fulani anapenda kusoma. Na shimo lao, ambalo wao huliita duara, lisipotoa kitu, hawasemi wamepoteza mwamba wenye dhahabu. Wanasema duara limefungwa. Kufunga ni kazi ya mchawi, kufungua ni kazi ya mganga, na wengi wanaamini aliyefunga ndiye anayejua kufungua. Mama yangu, aliyekaa na chaki mkononi miaka yote ile, kwake kitabu kilikuwa kitabu na kufunga kulikuwa kufunga.

Mwaka ule mvua zilipiga kweli kweli. Bati la mama likaanza kuvuja upande ule ule wa sanduku. Akavifunga vitabu vyake kwenye nailoni, akavirudisha, akatia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Watoto wakija anawaambia wasubiri kiangazi. Katika mvua hizo hizo akaja kwake kijana mmoja mwenye duara nyuma ya shamba letu. Kijana namwita, lakini ana wake wawili. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikuja na kreti la soda na kuku mweusi, akachuchumaa, akatoa shikamoo yake vizuri, akaeleza kwamba duara limejaa maji na mwamba umewapotea. Kisha akasema, "Mwalimu, tunaomba utufungulie kitabu."

Mama alinisimulia mwenyewe jinsi alivyofurahi. Alidhani mwanafunzi wake, katika utu uzima wake, amekumbuka kusoma. Akafikiri labda anataka kitu juu ya mawe, kwenye atlasi kulikuwa na kurasa za madini. Akamwambia, "Vitabu nimevifunga, mwanangu. Mvua zikikata nitavifungua." Na kuku akampokea, akamshukuru, akamtia bandani.

Nilipoisikia habari hiyo nilishika kichwa. Mtu anakuja na kuku mweusi, anakuomba ufungue, wewe unamjibu kwamba ni wewe uliyefunga, unamtajia na siku ya kufungua, halafu unapokea na kuku. Hata mimi mtoto wake, ningekuwa mwenye duara, ningeenda nyumbani nikijua nimemwona mbaya wangu.

Maneno yakaanza. Mwalimu amefunga maduara. Mwalimu amekiri kwa mdomo wake. Ndiyo maana alistaafu na hakuhama, ndiyo maana ana sanduku lenye kufuli, ndiyo maana anakaa na yule mwenye macho mekundu, wanacheka nini kila siku wale? Wanawake wakaacha kumsalimia kisimani. Nzengo, yaani watu wa kitongoji wanaozikana na kulimiana, wakapita kukusanya watu wa kupalilia shamba la mgonjwa mmoja wakauruka mlango wa mama. Kwetu kurukwa na nzengo si kusahauliwa. Ukifika hapo, ukifa leo utazikwa na wanao tu, kama una wanao.

Aliyenipigia simu ni mama mdogo. Mama asingenipigia hata nyumba ingekuwa inaungua. Nilifunga duka, nikapita Ushirombo na Kahama, nikafika nimelowa mpaka ndani, nikamkuta mama amekaa anachambua mchele. Nikamwambia afungashe tuondoke. Akaniuliza anakimbia nini. Nikamwambia wanasema wewe mchawi. Akasema, "Wanasema. Mimi ni mwalimu wao." Nikamwambia basi angalau tumrudishe yule kuku. Akanijibu kuku ameanza kulalia mayai, si vizuri kumsumbua. Jamani, nilitoka nje nikasimama mvuani, maana ningebaki ndani ningemtukana mzazi wangu.

Nikampigia kaka. Msomi wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikasikia anakunywa kitu, kisha akasema tuvichome tu hivyo vitabu, yaishe. Vitabu tu hivyo, alisema. Nikamwambia aanze na vya kwake vya kwenye vioo, nasi tutafuata. Akakata simu. Mpaka kesi inaisha hakukanyaga kijijini. Alituma salamu, na kwamba ana majukumu.

Mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mzee anayeongoza sungusungu, walinzi wa kijiji, wanayemwita mtemi, ni mtu wa maneno ya pole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema hawana ugomvi na Mwalimu. Mwalimu amewafundisha watoto wao. Ila watu wana njaa, wamekopa mashine za kuvuta maji, na maneno yamekuwa mengi, kwa hiyo wanataka kusikia kutoka kwake mwenyewe: ni kweli alisema amefunga na atafungua? Nilisimama kabla mama hajajibu. Nikawaambia kwamba vitabu vimefungwa kwa sababu bati linavuja, kwamba humo kuna magonjwa ya ng'ombe na namna ya kupinda sketi, kwamba waje wakaone kwa macho yao wenyewe. Wakaniambia nikae, sijaulizwa. Nikaendelea. Mtemi akasema kwa upole wake ule ule kwamba binti amekaa sana Katoro, hajui tena mkutano unavyoendeshwa.

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri. Akasema ni kweli alisema hivyo, na neno lake halijabadilika: mvua zikikata atafungua. Akakaa.

Watu walishusha pumzi. Yule mwenye duara akatabasamu, mtemi akamshukuru, mkutano ukaisha. Njiani nilimwuliza mama kwa nini hakuwaeleza. Akasema amewaambia ukweli, na ukweli hausemwi kwa namna mbili. Nikamwambia ukweli wako wamesikia mwingine. Akaniambia yeye hakufundisha kusikia, alifundisha kusoma. Hivyo ndivyo alivyo. Ukimkazia anakutolea jibu la darasani, na wewe unabaki na hasira zako mkononi.

Nilirudi Katoro kwenye vitenge vyangu na simu sikuiweka mbali na mwili. Kila ilipoita nilimwacha mteja na kitenge mkononi. Mvua zikaanza kupungua, zikakata. Nikaenda tena kumchukua, safari hii nimekusudia hata kumbeba. Nikamkuta uani ametandika mikeka yote ya nyumba, ametoa vitabu kwenye nailoni, anavianika juani. Alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, ili visishike ukungu. Kimoja kimoja anakifungua katikati, anakiwekea kijiwe kila upande ili upepo usikigeuze. Uani kote kulikuwa ni kurasa. Na nyuma ya minyaa watu wamesimama wanaangalia. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika mwanawe begani asije akasogea. Niliwapigia kelele wakitaka waingie ndani wasome, hakuna aliyeingia wala aliyeondoka.

Mama alifungua. Mvua zilikuwa zimekata, maji yakapungua ardhini, mashine zikavuta yaliyobaki, na wale vijana waliposhuka chini wakaukuta mwamba wao pale pale walipouacha. Ulikuwa chini ya maji. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuwaambia, na darasa la kwanza wao wote walikuwa wamesomeshwa na mtu waliyetaka kumuua. Lakini nani atakubali ni maji, wakati vitabu vilifunguliwa na watu wameona?

Akaletwa mbuzi. Akaletwa mchele, kanga, hata bati jipya, na vijana wakapanda juu kulipiga misumari bila kuitwa. Shikamoo zikarudi, za kupiga magoti kabisa. Mimi nilidhani basi, tumepona, na nikasema nitamwacha mama aishi anavyotaka. Kumbe ndio walikuwa wameanza. Walianza kuja na pikipiki kutoka mbali, mwingine ametoka Segese, wakiulizia nyumba ya mfumu wa vitabu, yaani mganga. Huyu mke amemkimbia, huyu karasha lake la kusaga mwamba linakula mawe halitoi kitu, huyu mtoto haongei. Mama akawa anawarudisha wote na kuku wao. Anawaambia yeye si mganga, nao wanatikisa kichwa kwa heshima, maana mganga mkubwa ndivyo anavyosema.

Lililomwuma zaidi ni watoto. Watoto hawakuja tena. Wazazi waliwakataza kugusa vitabu vya Mwalimu wasije wakavimba mikono. Alikaa barazani na atlasi yake magotini, mlango wa sanduku wazi, na aliyekuja kukaa naye ni mama mdogo peke yake.

Kisha siku moja mama alinipigia yeye mwenyewe. Alisema neno moja, njoo. Nilipanda gari siku ile ile.

Kulikuwa na duara jingine, jirani na lile la kwanza, la watu wengine. Hilo nalo lilikuwa halitoi kitu, na kwa kuwa hakukuwa na mvua ya kusingizia, wenye duara walikuwa wamekuja kwa mama. Watu wazima watatu, wamekaa kwenye viti, wamekunywa maji. Hawakumwomba afungue. Walimwambia wanajua yeye si aliyefunga, wao na yeye hawana neno. Wanataka akifungue kitabu awasomee jina la aliyefunga. Mama akasema hakuna kitabu chake chenye majina ya watu. Mmoja wao akamjibu, "Jina lipo, Mwalimu. Sisi tunataka tu ulitamke wewe." Na akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya ua, kwenye paa la mama mdogo. Waliaga kwa adabu, wakasema watarudi gulio likipita.

Sijui kama nimeeleweka. Kazi ya mganga wa kitabu mwishoni ni kutaja mtu. Walimtisha mama alipokuwa mchawi, nikadhani hakuna baya kuliko lile. Wakampandisha cheo, wakataka awape kibali cha kumchinja mwenzake. Akikataa kutaja, watasema anamficha. Akitaja jina lolote, hata la mtu asiyekuwepo, watampata wa kumvika jina hilo. Na mama mdogo alikuwa pale ng'ambo anakamua ng'ombe wake, hajui lolote.

Nilikimbia kwa mkubwa mmoja wa mambo ya usalama, sitasema wapi. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza wamefanya kosa gani, maana kwa maelezo yangu wamekuja wamekaa wameuliza swali wameondoka. Nikamwuliza anasubiri nini. Akasema likitokea jambo niwahi kutoa taarifa. Likitokea! Nilimwuliza ataandika nini siku hiyo, akaniambia nipunguze sauti, pale ni ofisini.

Nikasema basi nimhamishe mama mdogo, aje kwangu Katoro. Yeye mwenyewe, tulipomweleza, alisema akiondoka na macho yake haya watasema amekimbia kwa kuwa ni kweli, na hao ng'ombe na kaburi la mume wake atamwachia nani. Akatuuliza kama tumekula.

Kesho yake mama akamwita mtemi, akamwambia atangaze watu waje kwake siku ya gulio, mchana, kabla hawajatawanyika. Hakuniambia kwa nini. Nilijua siku yenyewe, nilipomwona anatoa vitabu sandukuni na kuvibeba uani, na safari hii hakutandika mkeka. Alikuwa anavirundika. Nikaikumbatia kamusi. Mimi mtu mzima, ninayekaribia kupata wajukuu, nilikumbatia kamusi isiyo na jalada mbele ya watu na kugoma. Nikamwuliza, "Mama, hivi vitabu vimekosa nini?"

Akanishika mkono, akanifungua vidole kimoja kimoja. Akasema, "Havijakosa kitu. Na mama yako mdogo naye hajakosa kitu."

Akamwaga mafuta ya taa mwenyewe, akawasha mwenyewe. Vitabu haviwaki upesi kama watu wanavyofikiri. Jalada linajikunja kwanza, halafu kurasa zinainuka moja moja, unaona mpaka maandishi, halafu hakuna. Uani kulikuwa kumejaa watu. Wale watatu wa duara la pili walisimama mbele. Kile cha ukunga ndicho kilichochelewa kuliko vyote, mama akawa anakigeuza kwa fimbo. Kilipoisha akawageukia.

"Mlisema nina vitabu," alisema. "Sasa sina. Mtu asije tena kwangu kuniuliza jina la mtu, maana sina pa kulisoma."

Mtemi akasema wamesikia. Wale watatu wakatazamana, mmoja akatema mate pembeni, wakaondoka, na nilivyowaona wanavyoondoka nilijua limekwisha kweli. Aliongea nao lugha yao, ndiyo maana wakaelewa. Hilo nalo linaniudhi. Maisha yote alikuwa amewapa lugha nyingine, bure, na siku alipotaka kuokoa mtu haikumfaa kitu.

Lakini wengine hawakuondoka. Walibaki wamesimama, wanaume kwa wanawake, macho kwenye lile rundo linalofuka moshi. Sikuelewa wanangoja nini mpaka nilipomwona yule mwenye duara la kwanza, mwanafunzi wa mama, anatoa mfuko mfukoni na kuukunjua. Akasogea, akachuchumaa kama siku ile ya kuku. Akauliza kwa adabu kama Mwalimu atawagawia jivu, hata kidogo kidogo, la kumwaga kwenye maduara. Nikaangalia nyuma yake, na karibu kila mtu alikuwa na kitu mkononi: mfuko, kopo, ncha ya kanga.

Mimi nilikuwa natafuta jiwe. Nasema ukweli, niliinama kutafuta jiwe la kumpiga nalo. Mama akanitangulia. Akaingia ndani akatoka na beseni na koleo. Akazoa jivu lote, na vipande vilivyokuwa bado vyekundu, na udongo wa chini yake, akakwangua mpaka ardhi ikabaki safi. Watu wakampisha njia wakidhani anawaletea. Akapita katikati yao na beseni kichwani, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia chooni, na tukasikia akilimwaga shimoni. Akatoka na beseni tupu. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimtolea mtu neno la ukali, akamwambia yule mwanafunzi wake mbele ya kijiji kizima, "Unalitaka? Lifuate huko."

Mama mdogo yuko hai. Jana tu nimeongea naye, analalamika bei ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mama hana hata kitabu kimoja ndani, na nikitaka kumnunulia anakataa, anasema kikionekana tu kwake watarudi. Watu wa kule wakikutana nami njiani wananiambia nisiweke mambo moyoni, yamekwisha. Nawajibu hayajaisha, wala sijawasamehe.